Mfuko wa Baiskeli Uliochanika Mlimani

Mara ya kwanza mfuko ulipochanika nilisema ni uzi. Mara ya pili nikasema ni turubai, kwamba siku hizi maturubai wanayotuletea ni mepesi. Mara ya tatu sikusema kitu, kwa sababu mwenye mfuko alikuwa amesimama mlangoni kwangu, ameushika kwa vidole viwili kama mtu anayetoa panya aliyekufa ndani ya nyumba, wala hakuwa amekasirika. Angekasirika ningejua la kumjibu.

Alikuwa muuguzi kutoka Lilongwe, mwanamke wa umri wangu au mwenye kunizidi kidogo, mrefu, asiye na haraka ya maneno. Hapa Malawi watu humwita muuguzi Sista, nami nilimwita hivyo. Tulifahamiana mtaa wa Kawale, huko huko Lilongwe, wakati ule nilipokuwa na cherehani yangu kwenye kibaraza cha duka la mwenyeji mmoja. Alikuja kupunguziwa sare zake za kazi. Akarudi na mapazia. Akarudi tena na dada yake aliyekuwa anaolewa. Halafu siku moja akaja akisukuma kinga.

Kwetu Uvira, Kongo, baiskeli tunaiita kinga. Wamalawi wanasema njinga. Ni mojawapo ya maneno machache niliyoyapata bila jasho nilipofika nchi hii. Lakini kinga ya Sista haikuwa kama zile za kabaza zinazobeba abiria sokoni. Ilikuwa na tairi nene zenye meno, breki za sahani, springi mbele na springi nyingine katikati, chini ya kiti. Aliinunua kwa mgeni mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Kila Jumamosi asiyokuwa zamu, yeye na wenzake watatu hupakia baiskeli kwenye pikapu, wakaenda vilima vya Dowa, wakapanda na kushuka kwenye vijia vya msituni mpaka saa nane mchana, kisha wakarudi mjini wamejaa vumbi hadi kwenye nyusi.

Nilimuuliza wanaleta nini kutoka huko. Nilidhani uyoga, au asali.

"Hatuleti kitu, Mayi," akanijibu; Mayi ndiyo mama kwa Kichewa. "Tunaendesha tu."

Alitaka mfuko wa kuning'inia nyuma ya kiti, wa kuwekea sweta, maji na vifaa vya kufungia vidonda. Nikapima, nikakata turubai la kijani, nikashona kwa uzi wa buluu kwa sababu ndio uzi mnene niliokuwa nao. Ulipendeza. Niliutundika mbele ya meza yangu siku nzima kabla hajaja kuuchukua, ili wapita njia wauone.

Haukupita muda tukaambiwa kwamba wakimbizi tunaoishi mjini turudi kambini Dzaleka. Hayo sitayaeleza sana, kila mtu wa kwetu ana namna yake ya kuyaeleza. Nilirudi na cherehani. Mume wangu, aliyekuwa anauza vitenge mtaa wa Mchesi, mjini humo humo, alirudi na mikono mitupu na kiti kimoja cha plastiki. Kiti hicho alikiweka mbele ya nyumba, akakikalia. Asubuhi nilikuwa namwacha hapo, na mchana nikimkuta hapo hapo, ila tu amekisogeza kufuata kivuli. Hakuwa mgonjwa wala hakuwa mkali kwa watoto. Maneno ndiyo yalimwisha. Tulikuwa watu wa kuongea sana, mimi na yeye. Sasa nilikuwa namuuliza jambo, naye ananijibu "njo vile," yaani ndivyo hivyo, basi.

Vilima vya Dowa vinaonekana kutoka kambini, kwa hiyo Sista hakunipotea. Pikapu yao ilikuwa inapita barabara yetu, na ndivyo mfuko ulivyokuwa unanirudia.

"Ni mawe," alisema mara ile ya tatu. "Kule juu kuna mawe mengi, Mayi. Si kosa lako."

Lakini mimi ni fundi, na neno "si kosa lako" halimfariji fundi. Niliugeuza mfuko. Ulikuwa umechanika chini, katikati kabisa, mahali palepale ulipochanika mara mbili zilizotangulia. Nilishaweka turubai tabaka mbili. Nilishabandika na kipande cha mpira wa ndani wa tairi. Nikawaza: mawe gani haya yanayogonga sehemu moja mara tatu? Niliuziba tena kwa kiraka, nikamrudishia.

Jumamosi iliyofuata nikaenda kuona mwenyewe, kwa miguu. Niliondoka alfajiri, nikapita mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, nikapanda hadi miti inapoanza, nikakaa kwenye kona ambayo Sista alinielekeza. Nikangoja mpaka makalio yakafa ganzi. Ghafla nikasikia mlio kama wa cherehani iliyoachwa ikimbie bila kitambaa, wakapita wanne, mmoja nyuma ya mwingine, vumbi likanijaa mdomoni. Sista aliinua mkono kunisalimu. Mfuko sikuuona hata rangi yake.

Jioni nilimsimulia mume wangu. Sikutegemea jibu. Nilikuwa nasonga ugali, wenyeji wanauita nsima nasi tumeshazoea kuuita hivyo, na nilikuwa naongea kama mtu anavyoongea na sufuria.

"Hauwezi kuona kitu ukiwa umekaa chini," akasema. "Utafuata yeye na kinga."

"Mi sijui kinga."

"Utajua."

"Na hii miaka yangu? Bantu batacheka."

"Bacheke," akasema mume wangu. "Kucheka haivunjake mukono."

Niligeuka kumtazama. Yalikuwa maneno mengi kuliko aliyonipa wiki nzima.

Aliazima baiskeli ya jirani mmoja anayefanya kazi ya kabaza na anayesali nasi. Kila siku kabla jirani hajaamkia abiria wake, mimi na mume wangu tulikuwa uwanja wa mpira. Ilikuwa miezi ya baridi bado, ukungu umekalia magoli. Nilipanda, mume wangu akashika kerieri kwa nyuma, akakimbia. Nilianguka. Nikapanda. Kitenge changu kikaingia kwenye mnyororo, tukatumia muda wote uliobaki kukitoa, naye akawa anacheka, anajaribu kujizuia, anashindwa. Siku ya pili nilivaa suruali yake ndani ya kitenge. Siku ya tatu nilikuwa nimejishonea sketi iliyogawanyika katikati, ile ambayo mafundi wa Bukavu wanaiita jipu-kiloti, na hapo mambo yakaanza kwenda.

"Usiangalie tairi!" alikuwa anapiga kelele nyuma yangu. "Angalia kule unaenda! Mama batoto, kule! Kule!"

Siku alipoachia kerieri hakuniambia. Nilizunguka goli zima nikimjibu, nikidhani yuko nyuma, kumbe nilikuwa naongea peke yangu. Nilipomwona amesimama mbali katikati ya uwanja, mikono kiunoni, nikashtuka na kuanguka tena. Nilichubuka kiwiko. Tulirudi nyumbani tukijadili kama breki ya mbele ndiyo ya kushika kwanza au ya nyuma, na mjadala huo ulitufikisha mlangoni, ukaendelea wakati wa chai.

Kwenye kwaya ya kanisa ninamoimba hawakunyamaza. Mama mmoja anayeimba sauti ya pili, ambaye namheshimu, alinivuta pembeni baada ya mazoezi.

"Maman, basema uko unapanda kinga kwenye terrain ya mpira, mbele ya bantu bote."

"Njo vile."

"Na pasteri anajua?"

"Alipita jana, akanipa bonjour."

Alitazama kiwiko changu, akasema nipake mafuta ya ng'ombe. Maneno yalikomea hapo, angalau mbele yangu.

Nilipomwambia Sista kwamba niko tayari kumfuata, hakucheka. Aliniuliza kama najua kushuka kwenye mteremko, nikasema ndiyo, maana nilikuwa nimeshuka kile kijia cha kwenda kisimani. Mmoja wa wenzake alikuwa amesafiri, akaacha baiskeli yake. Sista alinishushia kiti, akanifunga kofia ngumu kidevuni kama anavyomfunga mgonjwa bandeji, akasema, "Leo sisi wawili tutakwenda polepole. Wengine watatangulia."

Mume wangu alikuja kutusindikiza hadi mwisho wa barabara ya gari. Alikagua breki zote mbili, akafinya tairi, akasema na Sista kwa Kichewa chake cha Mchesi, kisha akakaa kwenye ukingo wa barabara na kusema atatungoja hapo.

Vijia vile hakuna aliyevitengeneza kwa ajili ya mchezo. Vingine ni vya mbuzi. Vingine ni vya akina mama wanaokwenda kutafuta kuni, ndiyo maana vinapanda kwa kuzunguka, bila ubishi na mlima: mtu mwenye mzigo kichwani hapendi kupanda wima. Sehemu kubwa ya kupanda nilisukuma. Udongo ulikuwa mwekundu, laini kama unga, na kila penye jiwe kijia kilikuwa kimechagua upande mmoja muda mrefu uliopita. Kisha miti ikakaribiana. Ilikuwa majira ya majani mapya, mimea yote kule juu inapochipua kabla mvua haijanyesha, na majani hayo si ya kijani, ni ya rangi ya divai na ya shaba. Jua lilipopita ndani yake hata mikono ya Sista kwenye usukani ilikuwa myekundu. Nilikuwa nimetazama vilima hivi kwa miaka, kutoka chini, nikidhani ni rangi moja.

Tulikutana na wanawake watatu wakishuka na kuni. Tulisimama pembeni kuwapisha. Walitusalimia, tukaitikia, na wa mwisho akageuka mzima na mzigo wake kunitazama.

"Na wewe pia?" akaniuliza.

"Mimi pia."

"Zikomo," akasema, na kushuka. Sijui alikuwa ananishukuru nini, labda njia tu.

Juu kabisa pana mwamba mpana. Tulikunywa maji. Sista aliniambia kwamba wodini anasikia kengele hata pasipokuwa na kengele, na kwamba hapa juu hazisikii. Alisema hivyo tu, akafunga chupa. Nilitaka kumwambia jambo la namna hiyo kuhusu mimi, lakini Kichewa changu ni cha sokoni, kinajua kuuza na kuomba radhi, hakijafika huko. Nikamwambia mahali hapa ni pazuri. Akasema ndiyo.

Kisha akasema, "Sasa nifuate. Macho kwenye mfuko. Lakini zaidi kwenye njia."

Nikamfuata. Mwanzo kijia kilikuwa sawa, majani makavu yanalia chini ya tairi, mfuko umetulia nyuma ya kiti chake kama mtoto aliyelala mgongoni. Nikaona goti lake haliugusi. Nikaona mawe yanarushwa pembeni, hakuna lililoufikia. Njia ikaanza kushuka. Sista akainuka kidogo kwenye pedeli, akarudisha mwili nyuma, na pale kwenye ngazi ya mizizi baiskeli yake ikazama. Ilizama kweli, kama kitanda cha springi mtu anapojitupa juu yake. Kiti kikashuka, tairi likapanda, na kati yao nikaona mfuko wangu ukibanwa. Ukaachiwa. Ukabanwa tena.

"Sista!" nikapiga kelele. "Nimeuona!"

Hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu nilisahau njia. Gurudumu la mbele likaingia kati ya mizizi miwili, nami nikapita juu ya usukani na kutua kwenye rundo la majani, kifudifudi, mikono mbele. Nilisikia Sista akitupa baiskeli yake chini na kukimbia kupanda.

"Usisogee. Vidole. Chezesha vidole." Nikachezesha. "Shingo?" Nikageuza shingo. Goti lilikuwa limefunguka na kiganja kimoja kinavuja damu, basi. Akakaa chini na kutoa vifaa vyake kwenye mfuko ule ule uliochanika, akaniosha kwa maji ya kunywa. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Nilielewa wakati ule kwa nini wagonjwa wanamwamini.

Alipokuwa anafunga goti, mimi nilikuwa naangalia baiskeli yake iliyolala karibu nasi. Katikati ya meno ya tairi la nyuma palikuwa na kitu chembamba. Nikajikokota nikakivuta. Ulikuwa uzi wa buluu. Nilivuta kipande kirefu kama kiganja, kimejiviringisha vizuri na tope kavu.

"Si mawe," nikamwambia. "Ni tairi linakula mfuko."

Alitazama uzi, akaisimamisha baiskeli, akabonyeza kiti kwa mkono. Hakikushuka sana. Akakaa juu yake akaruka kidogo, nami nikiwa chini nikaona tairi linapanda hadi kugusa turubai.

Nilijisikia mpumbavu. Gauni sijawahi kulipima likiwa kwenye msumari. Mteja namwambia asimame, akae, ainue mikono, ainame kama anayefua. Lakini kinga ya Sista niliipima Kawale imeegemea ukuta, hakuna mtu juu yake. Nilipima kitu kilicholala. Nilimweleza hivyo, kwa Kichewa changu kibovu na kwa mikono, naye akaanza kucheka, kicheko kirefu ambacho sikujua anacho, mpaka akalazimika kuegemea mti.

Sehemu iliyobaki nilishuka taratibu, breki zikilia, goti likipwita, na sitasema sikuogopa. Lakini kuna mahali kijia kinapita kati ya miti kwa mwendo wa mawimbi madogo, kinashuka na kuinuka, kinashuka na kuinuka, na hapo niliachia breki. Upepo uliingia kwenye sketi yangu ukaijaza. Nilisikia sauti inaimba, na ilikuwa yangu, wimbo wa kwaya, ile sehemu ya sauti ya kwanza. Sijui nilianza wakati gani.

Mume wangu alisimama aliponiona na bandeji.

"Ulianguka?"

"Nilianguka. Na nikaona."

"Uliona nini?"

Nikamweleza njia nzima ya kurudi kambini.

Siku iliyofuata baada ya ibada Sista alituletea baiskeli na kutuachia kwa siku chache. Mume wangu alikaa juu yake, ameshikilia ukuta, akarukaruka kwa nguvu zake zote, na mimi nililala chini na futi yangu ya kupimia. Majirani walikuja kutazama. Tulifupisha mfuko kwa vidole vinne. Tulibadilisha mikanda iwe inauvuta juu na mbele badala ya kuuacha uning'inie. Ni mume wangu aliyetoa wazo la kuweka chini kipande cha plastiki ngumu ya dumu, kilichokunjwa kwa moto, na alikikata mwenyewe akakaa siku nzima anakisugua kingo kwa jiwe. Kile kiti chake cha plastiki alikileta karibu na cherehani kwa sababu ya mwanga.

Mfuko huo haujachanika mpaka leo. Wenzake Sista nao wakataka ya kwao, na mmoja akataka wa usukani, ambao ulitushinda mara mbili kabla hatujaupatia. Mume wangu sasa ndiye anayekata, mimi nashona. Tunabishana. Anapenda kukata kwa ukubwa kupita kiasi.

Na mlimani naenda, Jumamosi ambazo kwaya haina mazoezi. Baiskeli yangu ni ya mtumba, haina springi hata moja, inanitikisa meno. Juzi mvua ya kwanza ilinikuta nashuka peke yangu, nikakimbilia kwenye baraza la nyumba moja kwenye ukingo wa msitu. Mwenye nyumba, mwanamke mnene mchangamfu, alinipa kigoda na karanga za kuchemsha. Tulitazama maji yakichimba kijia. Nilijua kwamba mpaka wiki ijayo njia ile itakuwa nyingine, na nilikuwa najaribu kukisia maji yatakata wapi, kama baba yangu alivyokuwa akikisia shambani.

Yeye alikuwa anatazama mfuko nyuma ya kiti changu. Aliinuka, akaubonyeza, akafungua zipu, akachungulia ndani.

"Huu," akaniuliza, "unaweza kubeba kuku mzima?"

Nikafikiri. Kuku wa sokoni, aliye hai, kwenye mteremko ule.

"Atataka matundu ya kupumulia," nikasema. "Na asikae nyuma. Akae mbele, umwone."

Akaenda ndani kumleta kuku ili nimpime.